Mzigo Ulioning'inia Mkuyuni

Tuanze na mkuyu wenyewe, maana usipouelewa ule mti utamwona Qali mjinga, na Qali hakuwa mjinga hata kidogo.

Ulisimama ukingoni mwa laga, ule mto mkavu unaojaa mvua ikinyesha tu, mwendo wa saa moja kutoka Lafey ukielekea mpakani, mahali ambapo ukichimba mchanga unapata maji hata kiangazi kiwe kikali namna gani. Wazee waliozaliwa kabla Mwingereza hajachora mpaka walisema waliukuta vilevile ulivyo, na babu zao nao walisema hivyo hivyo. Shina lilikuwa na mapango ambamo mbuzi wawili waliweza kulala, na ganda lake lilijaa chapa za ngamia, chapa za kila ukoo uliowahi kunywesha pale. Nyingine zilikuwa zimetanuka na mti mpaka hazisomeki tena. Koo nyingine zilikwisha zamani duniani, hakuna wa kuzitaja, lakini chapa zao zipo. Mvua ikigoma, watu walikusanyika pale kuomba. Damu ikimwagika, fidia ilizungumzwa pale. Lakini hayo yote ni madogo. Kilichoufanya mkuyu ule uogopwe ni amana.

Mfugaji akihama hawezi kubeba kila kitu, ngamia wa mizigo hawatoshi. Kwa hiyo kile kisichobebeka alikizungushia ngozi, akakifunga kamba, akakitundika mkuyuni, akaenda zake. Akae miezi, akae miaka, atakikuta. Njaa iingie, vita viingie, hata mwizi wa ngamia, mtu asiyeogopa bunduki, alipita chini ya mizigo ile ameinamisha macho. Na sharti lilikuwa moja tu: mzigo unafunguliwa na mikono iliyoufunga. Mwenyewe akifa, jamaa zake wanakuja na mashahidi, wanasoma Fatiha, ndipo wanaushusha. Kabla ya hapo aliyeutundika anahesabiwa yu hai, ngamia wake hawagawanywi na mkewe haolewi. Ukishusha mzigo wa mtu, umemzika.

Haya. Kadar, mumewe Qali, alitundika mzigo wake mwanzo wa mwaka wa tisini na moja, Somalia ilipokuwa inavunjika na watu wanamiminika kuvuka mpaka kuja upande huu. Yeye alikwenda upande ule. Mama yake, Osob, alikuwa na kaka huko Luuq ambaye hakuwa na habari zake, akamtuma mwanawe wa pekee akamtafute. Qali alikuwa bado bibi harusi, hina haijafutika vizuri kwenye kucha.

Ni Qali aliyemshikia ngozi siku ile. Ndani Kadar aliweka nguo zake za Idi na mto wake wa mti wa kulalia. Nje, chini ya fundo, akaning'iniza kengele ya mti ya ngamia wake mmoja aliyempenda sana, ambaye alikuwa amekufa. Qali alimtazama akifunga. Kamba ilianzia kushoto, ikazunguka, ikazunguka tena, ncha ikapita chini ya zote na kurudi ilikotoka. Hakuwahi kuona mtu akifunga hivyo. Akacheka, akamwambia anafunga kama mtu anayetaka kumpoteza shetani njia, na Kadar, ambaye maneno yake yalikuwa ya kuhesabu, naye akacheka.

"Nikirudi nitaufungua mwenyewe," akasema. "Asiuguse mtu."

Akaondoka na fimbo yake begani, na Qali hakumwona tena.

Mwaka uliofuata ukame ukafagia kila kitu. Mbuzi walikufa wamesimama. Qali na mama mkwe wake wakahamia kwenye bulla moja, mtaa wa vibanda nje ya Lafey, miongoni mwa watu wengine waliokuwa wanangoja mahindi ya msaada, wakajenga kibanda. Ninaposema wakajenga, nasema Qali alijenga. Kwao nyumba ni kazi ya mwanamke, kuijenga, kuivunja, kuifunga juu ya ngamia, lakini vidole vya Osob vilikuwa vimepinda kwa maradhi ya viungo tangu kabla Qali hajaolewa, na bibi harusi alipoingia tu, kazi zote za mikono zilimhamia. Osob alibaki na kazi moja. Alikaa mlangoni akisokota kamba za maganda ya mgunga juu ya paja lake, polepole, kwa kiganja, akisema ni za kuuza. Na kila akipata mafuta ya mkia wa kondoo alijipaka vidoleni, nyumba nzima ikanuka.

Alikuwa kibibi mfupi, mwenye ulimi mkali kama wembe kwa majirani, lakini kwa Qali alikuwa asali. Kipande cha nyama kikipatikana, cha Qali. Blanketi moja, la Qali. Alimwita mwanangu, na hakuwa anasema kwa adabu tu. Walikuwa wawili, hawana mwingine. Wakapata ngamia mmoja wa maziwa kwa jamaa, wakaanza kuuza maziwa Lafey, na maisha yakasonga.

Lakini kengele ilikuwa inasikika. Qali akienda kuteka maji lagani, upepo ukivuma kutoka upande wa mkuyu, aliisikia: ko, ko, ko. Sauti ya kawaida kabisa, kila mfugaji anaijua, ndiyo inayokuambia ngamia wako yuko wapi kichakani. Ila hii haikutembea. Ilibaki pale pale mwaka baada ya mwaka, na kila ilipolia Qali alihisi ameitwa na mtu ambaye hataki kutoka kichakani.

Sasa, mtu akikaa miaka minne hana habari za mumewe, ana moyo, si jiwe. Pale Lafey kulikuwa na mwenye duka aitwaye Khalif, mjane wa kiume, mpole, aliyenunua maziwa ya Qali kila asubuhi na kila asubuhi akapata sababu ya kumchelewesha kidogo. Leo anamuuliza habari za ngamia, kesho anampa sukari ya Osob. Qali alianza kujifunga ushungi vizuri zaidi akienda dukani. Usicheke. Alikuwa na miaka isiyofika thelathini, na alitaka mtoto, na alitaka mtu wa kumwambia kwamba amechoka. Alimpenda Khalif, basi, tuseme wazi.

Khalif akaenda kwa Sheikh Olow kwa njia ya heshima. Sheikh akasema mke wa mtu aliyepotea ana haki yake, kesi inaweza kufika kwa kadhi Mandera, kadhi akamfungua. Yeye kama sheikh hakutaka hata kusikia habari za mti. Lakini wazee wa ukoo wa Kadar walisema mzigo bado unaning'inia, na wao hawatamwoza mke wa mtu aliye hai. Mwishowe wakapatana: waende wote mkuyuni, wasome Fatiha, mzigo ushushwe mbele ya mashahidi, kisha safari ya Mandera iwe nyepesi. Khalif alibaki Lafey, maana si adabu mposaji kwenda, lakini watu walijua ameshaagiza mchele wa harusi.

Walifika asubuhi. Mizigo yote iliyotundikwa ule mwaka wa tisini na moja ilikuwa imeanguka, maana kamba za maganda haziishi milele, jua na mchwa vinazimaliza, na wapita njia walikuwa wameipanga mizigo yenyewe shinani kwa heshima. Wa Kadar ulikuwa juu, kwenye lile tawi kubwa lililojiegemeza karibu na ardhi kama mzee aliyechoka. Kamba yake ilikuwa mpya. Haikuwa kamba iliyodumu, la, ilikuwa mpya, bado ina rangi ya ganda bichi, inang'aa kwa mafuta. Kengele ikagonga yenyewe mara moja, wala hapakuwa na upepo wa maana.

Wazee wakarudi nyuma. Sheikh Olow peke yake alibaki mbele, akamwita Qali, akamwonyesha fundo, akamwuliza kama analijua.

Qali alilitazama. Kutoka kushoto, likazunguka, likazunguka tena, ncha ikapita chini ya zote na kurudi ilikotoka. Angeweza kusema halijui, na nani angembishia? Neno moja tu, na mchele wa Khalif ungepikwa. Nyuma yake Osob alisimama na tasbihi mkononi, akimtazama.

"Ni la Kadar," Qali akasema. "Hakuna mtu mwingine anayefunga hivi."

Basi ikawa imekwisha. Sheikh akasema yeye haogopi mti, lakini shahidi amesema mume yu hai, na ushahidi ni ushahidi. Wakarudi bila Fatiha. Na hapa ndipo palipo kosa lao wote, Qali na wazee na sheikh mwenyewe na elimu yake. Katika nchi ambayo wanawake ndio wanaofunga mizigo, hakuna hata mmoja aliyejiuliza mwanamume yule alijifunzia wapi fundo lake.

Khalif alingoja. Alingoja mwaka mzima, na nampa haki yake. Kisha akaoa msichana kutoka Mandera. Aliendelea kununua maziwa ya Qali ila sasa alihesabu chenji akiitazama sarafu.

Qali je? Qali alianza kukonda. Kama mumewe angekuwa amekufa, angelia, angemaliza. Kama angekuwa mbali, angemngoja. Lakini mtu anayefika mpaka kwenye mti, mwendo wa saa moja kutoka mlangoni kwako, anabadilisha kamba yake, anaipaka mafuta, kisha anageuka anaondoka bila hata kukuchungulia, huyo umemkosea nini? Aliwaza hilo akikamua, aliwaza akisali. Watu wa bulla walikuwa na jibu lao: Kadar amekufa na majini ya mkuyu yameshika mikono yake. Mchungaji mmoja aliapa ameona kitu kilichoinama kikiingia kati ya mizizi jua likiwa la utosini. Wanawake wakaacha kuongozana na Qali kwenda kuteka maji, wakawa wanasubiri arudi ndipo waende.

Akaanza kwenda mkuyuni peke yake mchana. Mwanzo alikwenda kumtukana. Alisimama chini ya mzigo akamwambia Kadar yote, jinsi alivyojenga peke yake, jinsi Khalif alivyoondoka, na kengele ikagonga ko, ko, akakatiza tusi katikati. Baadaye matusi yakamwishia akawa anampelekea maziwa. Aliyaacha kwenye chombo cha kusukwa, kilichofukizwa moshi vizuri, jinsi Kadar alivyopenda. Akirudi siku nyingine alikuta chombo kitupu, kimeinamishwa mdomo chini juu ya jiwe.

Kadar ndivyo alivyofanya kila alipomaliza kunywa.

Mara ya kwanza Qali alikimbia mpaka kiatu kikamtoka. Mara ya pili alikaa chini akalia kwa furaha, na furaha ile ilikuwa mbaya kuliko hofu. Akawa mke wa mtu asiyeonekana. Alipokuwa nyumbani alimsimulia Osob kila kitu, na Osob alimsikiliza huku akisokota kamba, akitikisa kichwa, akisema Mungu ndiye ajuaye.

Kisha ikaja ile mvua ya mwisho wa tisini na saba, ambayo hakuna aliyewahi kuona mfano wake. Nchi kavu ile ikawa ziwa. Mbuzi waliosalimika na ukame wa miaka yote wakafa kwa maji, barabara zikakatika, malori yakakwama njiani mpaka yakaota nyasi. Mchana mmoja mvua ikiwa imepungua kidogo, Qali alitoka kukamua, aliporudi Osob hayupo. Kamba aliyokuwa anasokota haipo. Kikopo cha mafuta hakipo. Jirani yao, mwanamke aitwaye Sahara, akasema amemwona bibi akielekea lagani na fimbo yake, na alipomwita hakugeuka.

Qali alikwenda mbio. Hakuwa amefikiri chochote bado, aliogopa maji tu. Alifika mkuyuni amelowa mpaka mifupani, na pale juu ya lile tawi lililoegemea ardhi akamwona mama mkwe wake, amekaa kama mtoto aliyepanda punda, amekumbatia mzigo wa Kadar. Vidole vyake havikuweza kukaza, kwa hiyo alikuwa anavuta kamba kwa meno. Kutoka kushoto. Ikazunguka, ikazunguka tena.

Kitu cha kwanza kilichomjia Qali hakikuwa hasira. Mungu amsamehe, ilikuwa huzuni kwamba siye Kadar.

"Hooyo," akaita, maana ndivyo alivyomwita, kama mtu anavyomwita mama yake mzazi.

Osob alimaliza kukaza kwanza. Kisha akaitoa kamba mdomoni, akajifuta mafuta kwa mtandio, akabaki akitazama kengele.

"Nilimfundisha akiwa mdogo," akasema. "Sikuwa na binti wa kumfundisha."

Yaliyobaki yalitoka vipande vipande, huku mvua ikianza tena. Mwaka ule wa ukame, walipokuwa bado wapya pale bulla, mtu mmoja alipita na wakimbizi akauliza nani ni mama yake Kadar. Akamwambia Osob kwamba Kadar alishikwa na homa ya kuhara damu ng'ambo ya mto Daua, wakamzika kando ya njia. Alikuwa ameshafika Luuq, alikuwa anarudi nyumbani. Osob alimpa yule mtu maji, akamwomba asimwambie mtu mwingine, na jioni ile alipika kama kawaida. Yeye ndiye aliyemtuma. Na Qali akijua, atakaa eda, kisha atarudi kwao au ataolewa, na yeye Osob atabaki na nani? Alipoona kamba ya kwanza inakatika akaenda kuibadilisha. Na alipoanza hakuweza kuacha.

Qali akauliza habari za maziwa. Aliuliza kwa sauti ndogo sana.

"Nilikunywa mimi," Osob akasema. "Ningeyamwaga, ungeona mchanga umelowa."

Hapo hasira ikaja. Ikaja yote kwa pamoja, ya Khalif, ya watoto ambao hawakuzaliwa, ya kukaa chini ya mti akiongea na ngozi kama kichaa na watu wakimkwepa. Alimshika kibibi yule kwenye bega akamtikisa, na sijui angefanya nini, wallahi sijui, kama laga haikunguruma. Mtu wa kule anaijua sauti hiyo. Maji yalikuwa yanakuja kutoka juu, na yakija hayakupi nafasi ya kuvaa viatu.

Akamwambia Osob ashuke. Osob akakataa, ameng'ang'ania mzigo. Maji ya kwanza yakafika kwenye mizizi, ya rangi ya chai, yamebeba vijiti.

"Mzike," Qali akamwambia. "Ulimficha peke yako, sasa mzike mbele yangu. Nami ni shahidi."

Osob akatikisa kichwa. Maji yakapanda. Mizigo iliyopangwa shinani ikaanza kuelea na kuondoka mmoja mmoja, amana za watu ambao wengine hawajulikani hata walikokwenda. Ndipo kibibi akafunga macho, akasema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, akasoma Fatiha kwa sauti iliyokatika katikati, na alipofika mwisho alilitamka jina la mwanawe na la baba yake kama watu wanavyotamka kaburini. Fundo lilikuwa limevimba kwa maji, vidole havikuweza kulifungua. Qali akaliinamia akalitafuna kwa meno yake, mafuta ya kondoo yakamjaa mdomoni, mpaka likalegea.

Mzigo ulimwangukia mikononi, nusura aanguke nao kwa kuwa alitegemea uzito. Haukuwa na uzito. Mchwa walikuwa wamekula kila kitu kutoka ndani, nguo za Idi, mto wa kulalia, wameacha udongo mkavu na ngozi iliyokwisha. Hicho ndicho bulla nzima ilichokuwa inakiogopa. Ilibaki kengele tu. Qali akaivaa shingoni, akambeba Osob mgongoni, akapanda naye kwenye mwinuko. Waliketi pale wakitazama maji yakipita. Yalichukua mizigo yote ya chini, yakachukua na mbuzi wa watu na mlango wa nyumba fulani, lakini mkuyu haukutikisika.

Qali alikaa eda ndani ya kibanda kimoja na mwanamke aliyemdanganya. Alivaa nyeupe, akampikia, akamkanda vidole, na kwa muda mrefu hakumsemesha. Osob naye hakuomba msamaha. Alisokota kamba mlangoni, akawa mdogo zaidi kila siku.

Eda ilipokwisha, barabara zilikuwa zimeanza kupitika, na Shuaib, kaka yake Qali, akaja kumchukua kwenda Garissa. Alikuwa na nyumba mtaa wa Iftin na kibanda cha nguo sokoni, na alihitaji mtu wa kuaminika. Angemchukua hata bibi, alisema, lakini Osob alikataa kuondoka kwenye nchi anayoijua. Hakumwambia Qali abaki. Alikuwa amekwisha kusema mengi kwa kamba.

Siku ya kuondoka Qali aliwafanya wote wapitie mkuyuni. Alifunga kwenye ngozi mikeka yake miwili, chungu chake na nguo yake ya harusi, akatumia kamba ya katani aliyoinunua dukani kwa Khalif. Akatundika kwenye lile tawi, na kengele chini ya fundo. Alipotazama mikono yake, aliona imeanzia kushoto.

"Nikirudi nitaufungua mwenyewe," akasema.

Osob aliipapasa kamba kwa kidole kilichopinda, akaguna. Alisema kamba ya dukani haitamaliza hata kiangazi kimoja.

"Basi utanibadilishia, hooyo," Qali akamwambia.

Kibibi akainua uso. Tangu siku ya maji, hakuwa ameitwa hooyo. Akashika ushungi wa Qali akauweka vizuri, kama anavyowekwa bibi harusi.

Garissa ni mbali. Sisemi umbali wa barabara tu. Kuna soko, kuna joto linalokuondolea akili, kuna watoto wa kaka wa kuogesha, na kila mwezi Qali alisema mwezi ujao. Alitaka kwenda, na aliogopa kwenda. Siku moja abiria aliyeshuka kutoka lori la Mandera alikuja kibandani kununua kitambaa, wakazungumza, na katika mazungumzo akataja bibi mmoja wa karibu na Lafey, mama yake Kadar, aliyekufa mwaka jana. Akashangaa kumwona muuzaji ameketi chini kati ya majora. Jamaa hawakujua pa kupeleka habari.

Alifika Lafey mwishoni mwa mwaka wa tisini na tisa. Sahara alimpeleka kaburini. Lilikuwa limekwisha bonyea na majani yameota na kukauka juu yake. Osob alikufa mvua moja tu baada ya Qali kuondoka, Sahara akasema, na kabla ya hapo alilala kitandani muda mrefu, hawezi hata kujigeuza. Qali akamwuliza habari za mkuyu. Sahara akamtazama, akasema siku hizi watu wanateka maji upande wa chini. Kengele inalia, na hawapendi inavyolia.

Qali akaomba maziwa. Akayatia kwenye chombo chake cha zamani, ambacho Sahara alikuwa amemtunzia, akaenda peke yake.

Mzigo wake ulikuwa pale. Kamba ya katani ilikuwa imeoza, imelala kwenye mchanga vipande vipande. Mzigo ulining'inia kwa kamba ya ganda la mgunga, bichi, ina utomvu bado, na mafuta yake yalikuwa hayajashika hata vumbi. Akaligusa fundo. Lilikuwa na alama za meno.

Hakukimbia. Alishangaa mwenyewe jinsi moyo wake ulivyotulia, kama mtu aliyefika nyumbani akakuta taa imeachwa ikimngoja. Mwanamke aliyelala chini ya majani kule bulla alikuwa ameambiwa abadilishe kamba mpaka Qali arudi, na Qali alichelewa, na hakuna aliyemwambia aache.

"Nimerudi, hooyo," akasema. "Pumzika sasa."

Akaliinamia fundo akalifungua kwa meno, polepole, akaushusha mzigo wake na kengele akaishika kwa kiganja isilie. Akasoma Fatiha. Akaweka chombo cha maziwa juu ya jiwe, akaingia kwenye sala ya alasiri hapo hapo kivulini, mti mzima ukiwa kimya nyuma yake. Alisali bila haraka. Alipotoa salamu akageuka, chombo kilikuwa juu ya jiwe lile lile, kitupu, kimeinamishwa mdomo chini, na mchanga kuzunguka jiwe ulikuwa mkavu.